Kinga na Kinga: Moto katika Historia na Utamaduni Wetu

Wahenga wetu walituachia methali isemayo, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Kinga inayotajwa hapo ni kile kijinga cha moto, yaani kipande cha ukuni kilichokwisha kushika moto upande mmoja. Kinga ikiwa peke yake hufifia, hufuka moshi, na mwisho huzimika. Ikikutanishwa na mwenzake, ndimi za moto huchomoza. Walimu wamezoea kuifundisha methali hii kuwa ni somo la umoja, na kwa hakika ndivyo ilivyo. Walakini lugha yetu ina neno jingine lenye sauti ile ile: kinga iliyo ngao, hifadhi na tahadhari. Sidai kwamba maneno haya mawili yametoka katika shina moja. Kazi hiyo ni ya wataalamu wa lugha. Nasema tu kwamba wazee wetu walipoishika kinga ya kwanza mkononi, hawakuisahau kinga ya pili.

Katika makala haya nakusudia kueleza jinsi watu wetu walivyoishi na moto tangu zamani, jinsi moto wenyewe ulivyobadilika, na jinsi ambavyo sisi wa leo tumeupokea moto mpya bila ya kuutafutia kinga yake. Nawaandikia hasa walimu na wanafunzi wa sekondari, kwa sababu ambayo msomaji ataiona dhahiri kabla ya kufika mwisho.

Moto wa wazee

Zamani moto haukupatikana kwa urahisi. Kabla ya viberiti kuenea, mtu aliyetaka kuwasha moto alichukua ulindi, akausimamisha juu ya kipande cha mti mkavu, akapekecha kwa viganja viwili mpaka ungaunga wa mti ukafuka moshi na kushika cheche. Kazi hiyo ilitaka nguvu na subira. Kwa hiyo moto ukishawaka haukuachwa ukazimika ovyo. Usiku makaa yalifukiwa kwa jivu, na alfajiri yalifukuliwa yangali hai. Aliyezimikiwa na moto wake alikwenda kwa jirani kupalia makaa kwa kigae, akayarudisha kwake mbio mbio, huku akiyakinga kwa kiganja yasipeperushwe na upepo.

Tazama basi hekima iliyomo katika tendo hilo dogo la kufukia makaa kwa jivu. Kwa upande mmoja lilihifadhi moto wa kesho. Kwa upande wa pili lilihifadhi nyumba ya leo. Bibi yangu mzaa mama hakupata kulala hata siku moja kabla ya kwenda uani kuyatazama mafiga yake. Alipita na kata ya maji mkono mmoja na kijiti mkono wa pili, akachokoa, akafukia, akanyunyiza maji pembezoni, ndipo akafunga mlango. Sisi wajukuu tulidhani ni desturi ya uzee. Kumbe ilikuwa ni elimu.

Elimu hiyo ilikuwamo pia katika ujenzi. Nyumba ya Waswahili ya kawaida iliweka jiko uani, mbali na vyumba vya kulala, na mara nyingi chini ya paa lake lenyewe. Katika nyumba za mawe za Lamu, meko yaliwekwa juu kabisa ya nyumba, mahali palipoitwa kidari cha meko, ili moshi na joto vipande hewani bila ya kupita katika vyumba vya watu. Baharini nako, ambako chombo chote ni mbao, kamba na tanga, mabaharia walipikia ndani ya sanduku lililotandikwa mchanga au udongo, na moto haukuwekwa juu ya ubao mtupu. Watu hawa hawakuwa na mkaguzi wa majengo wala kitabu cha kanuni. Kanuni zao zilikuwa ndani ya mazoea, na mazoea yalirithishwa kwa mkono na kwa jicho.

Aidha, moto ulikuwa na siku yake katika kalenda. Katika Siku ya Mwaka, iliyoitwa pia Nairuzi, watu wa pwani walikuwa na desturi ya kuzima moto wa zamani na kupekecha mpya. Mpaka leo huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, Mwaka Kogwa huadhimishwa kila mwaka mnamo mwezi wa Julai. Baada ya wanaume wa pande mbili kupigana kwa migomba, hujengwa kibanda kidogo cha makuti, mtu akaingia ndani, kibanda kikatiwa moto, naye hutoka mbio. Maelezo yanayosimuliwa juu ya mchezo huo ni mengi, na mojawapo ni hili: kwamba kibanda kile huwakumbusha wanakijiji wajibu wao wa kusaidiana nyumba ya mmoja wao inapopatwa na moto. Ukiutazama kwa jicho hilo, utaona kwamba hayo ni mazoezi ya hatari yaliyovishwa nguo ya sherehe. Jambo ambalo shule zetu nyingi hazilifanyi hata mara moja kwa mwaka, wazee wa Makunduchi waliliingiza katika ngoma ili lisisahaulike.

Nami nilipokuwa mtoto niliona kwa macho yangu namna kijiji kinavyozima moto. Nyumba moja ya makuti ilishika moto mchana wa kaskazi, na upepo ulikuwa mkali. Watu walipanga mstari kutoka kisimani, wakapokezana ndoo na madebe. Lakini mzee mmoja aliyeheshimiwa hakujishughulisha na nyumba iliyokuwa ikiungua. Alikwenda nyumba ya tatu yake, iliyokuwa nzima kabisa, akaamuru paa lake livuliwe. Mwenye nyumba alilia, lakini alikubali. Vijana wakapanda na mapanga na upembo, wakayashusha makuti yote chini na kuyaburura mbali. Moto ulipofika pale haukukuta cha kula, ukafa. Nyumba mbili ziliungua, moja ikavuliwa, na mtaa mzima ukapona. Siku ya pili watu wote walikwenda kukata makuti mapya kwa ajili ya yule aliyevuliwa paa. Methali ya kinga na kinga niliielewa siku ile.

Somo la Mombasa, 1505

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba zamani zetu hazikuwa na misiba ya moto. Mwezi wa Agosti 1505 merikebu za Wareno, chini ya Francisco de Almeida, zilifika Mombasa baada ya kuiteka Kilwa mwezi uliotangulia. Habari za siku zile zimeandikwa na Hans Mayr, Mjerumani aliyesafiri na merikebu hizo. Anaeleza mji mzuri wenye nyumba za mawe zilizopakwa chokaa, nyingine zikiwa na ghorofa, na vichochoro vyembamba kiasi kwamba watu wawili wasingeweza kupita sambamba. Baraza za mawe mbele ya nyumba ziliifinya njia zaidi.

Watu wa Mombasa waliupigania mji wao kwa mishale na mawe. Wareno walipoona kuwa kuingia ni kazi nzito, waliamua kuutia moto kwanza. Na hapa ndipo lilipo jambo la kuzingatiwa na mwanafunzi wa historia. Mawe hayaungui, mji wa mawe uliunguaje basi? Uliungua kwa sababu nyumba zake ziliezekwa kwa makuti, na kwa sababu katikati ya nyumba za mawe palijaa vibanda vya miti, vibaraza na mazizi ya mifugo. Karibu kila nyumba ya mawe ilipakana na kibanda cha namna hiyo. Moto ulipopata kibanda cha kwanza, ulirukia cha pili, ukapanda kwenye makuti, ukashuka upande wa pili, ukaendelea hivyo usiku kucha. Nyumba nyingi zilibomoka na mali nyingi ikateketea. Asubuhi adui akaingia.

Dhambi ya kuuchoma mji ule ni ya aliyeuchoma, wala haiwezi kuhamishiwa kwa waliochomewa. Lakini historia haitufundishi kulaumu tu, yatufundisha pia kutambua. Mji ule ulikuwa na ngome dhidi ya adui wa baharini, ilhali moto haukuwekewa ngome yoyote. Msongamano wa vichochoro, paa moja kugusana na jingine, na vibanda vya kuungaunga pembeni mwa majumba ya thamani, vyote hivyo vilikuwa kuni zilizokuwa zikingoja kinga. Wala si Mombasa peke yake. Mnamo Septemba 1666 mji wa London uliungua kwa siku kadhaa kwa moto ulioanzia katika tanuri la mwoka mikate, na sababu za kuenea kwake zilikuwa zile zile: nyumba za mbao, njia nyembamba na upepo. Baada ya msiba huo Waingereza walitunga sheria mwaka 1667 kuamuru nyumba mpya zijengwe kwa matofali au mawe. Msiba ukawazalia sheria. Swali la kujiuliza sisi ni hili: misiba yetu imetuzalia nini?

Msomaji anayetaka kuiona Mombasa ya 1505 hahitaji kufukua magofu. Na atembee katika soko lolote la mji mkubwa wa leo, atazame vibanda vya mbao na maturubai vilivyobanana kuzunguka jengo imara. Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu majengo wetu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975, lilikuwa fahari ya Dar es Salaam kwa zege lake na paa lake la miavuli. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua. Zege lilisimama, bidhaa na jasho la wafanyabiashara vilikuwa majivu.

Moto mpya

Tangu mwishoni mwa karne ya 19 moto ulianza kubadilika katika nchi zetu. Kwanza yalikuja mafuta ya taa. Taa za zamani za mafuta ya nazi au ya ufuta zilikuwa na mwanga hafifu, lakini mafuta yake hayakuwa mepesi kushika moto. Mafuta ya taa yalileta mwanga mkubwa zaidi na hatari kubwa zaidi. Debe lililokuja na mafuta hayo halikutupwa. Lilichotewa maji, lilipimiwa mahindi, lilifunuliwa likaezekea nyumba. Na kopo dogo likageuzwa kibatari. Kibatari kimewasomesha maelfu ya watoto wa nchi hii, nami ni mmoja wao, wala siwezi kukitukana. Lakini ni chombo kisicho na kioo wala kitako imara, chenye utambi ulio wazi, na aghalabu huwekwa juu ya meza yenye karatasi, karibu na chandarua.

Kisha ukaja umeme. Huu ni moto usioonekana. Hauna moshi wa kutuonya wala jivu la kufukia. Umejificha ukutani ndani ya waya, na watu huudhania kuwa si moto kwa sababu hauna ndimi. Soketi moja ikatwishwa pasi, jiko, redio na jokofu kwa wakati mmoja, waya hupata joto kama ulindi unaopekechwa. Fyuzi iliyokatika ikabadilishwa kwa kipande cha waya wowote, yule mlinzi aliyewekwa ili afe kwa niaba ya nyumba huwa ameondolewa. Baada yake ikaja mitungi ya gesi ya kupikia, ambayo ni neema kwa misitu yetu na kwa mapafu ya mama zetu, lakini nayo ina masharti yake.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kila moto huja na kinga yake. Moto wa kuni ulikuwa na jivu, uani na jicho la bibi. Mambo hayo yalichukua karne nyingi kuwa mazoea. Mafuta ya taa, petroli, umeme na gesi vimetufikia katika muda wa vizazi vichache tu. Tumepokea matumizi yake yote, na kinga yake tumeiacha dukani. Si kwamba watu wetu ni wazembe kwa asili, kama wengine wapendavyo kusema. Wazee wao wasingaliweza kuvuka bahari na jiko ndani ya jahazi lau kama wangalikuwa wazembe. Ila mazoea hayazaliwi yenyewe. Hufundishwa.

Msiba wa mabweni

Sasa nafika penye uchungu. Mwezi wa Juni 1994, katika shule ya sekondari ya Shauritanga, wilayani Rombo, bweni la wasichana liliungua usiku, na zaidi ya wasichana 40 wakapoteza maisha. Mwezi wa Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, nchini Kenya, wavulana 67 walikufa katika bweni lililochomwa kwa makusudi kwa petroli. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Mwezi wa Agosti 2009, katika shule ya sekondari ya Idodi, mkoani Iringa, wasichana 12 walikufa. Ilielezwa kwamba moto ulianzia katika mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea usiku. Mwezi wa Septemba 2020, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, walikufa watoto 10 wa shule ya msingi. Na mwezi wa Septemba 2024, katika kaunti ya Nyeri nchini Kenya, wavulana 21 wa shule ya Hillside Endarasha hawakuamka.

Naomba majina haya ya mahali yasisomwe kama orodha ya lawama. Yasomwe kama yanavyosomwa majina ya mashujaa, kwa kusimama. Mtoto wa Idodi alikuwa akisoma. Hakuwa akifanya ovyo. Alikuwa akifanya lile tulilomwambia alifanye. Sisi watu wazima tulimwambia asome kwa bidii, ila hatukumwekea taa iliyo salama.

Katika misiba ya namna hii mambo machache hujirudia. Vitanda vimebanana. Magodoro ni ya sponji, ambayo hushika moto upesi na kutoa moshi wenye sumu. Mlango wa kutokea ni mmoja, au wa pili umefungwa kwa kofuli na ufunguo uko mbali. Madirisha yana nondo. Nondo zile ziliwekwa kwa nia njema, ili mwizi asiingie. Lakini mwizi huiba sanduku, na moto huiba mtoto. Kwa kumzuia yule mdogo tumemfungulia huyu mkubwa. Watu wa Mombasa walijenga ngome dhidi ya adui waliyemwona baharini, wakamsahau aliyelala katika makuti yao. Nasi tumefanya vivyo hivyo.

Barua ya kumi na saba

Nisiwe mtu wa kuwahukumu wengine bila ya kujihukumu. Nilipoanza kazi serikalini nilikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya wilaya. Siku moja nilipokea barua ya mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni. Alieleza kwa adabu kwamba bweni la wasichana lina mlango mmoja tu, kwamba madirisha yote yana nondo, na kwamba aliomba fedha kidogo za kutoboa mlango wa pili. Niliipiga mhuri wa kupokelewa, nikaiingiza jaladani, nikaipa namba. Ilikuwa ya 17. Jalada lilikwenda kwa mkubwa wa kwanza, likarudi na dokezo la kuomba ushauri. Likaenda kwa wa pili, likarudi na dokezo kwamba hakuna kasma, suala lisubiri makadirio ya mwaka ujao. Nikalirudisha rafuni. Mwaka uliofuata hakuna aliyelikumbuka, nami sikulikumbusha.

Mwaka wa tatu bweni lile liliungua. Ilikuwa Jumamosi mchana, na wasichana wote walikuwa shambani. Ziliungua nguo, magodoro, masanduku na madaftari, hakufa mtu. Ofisini watu walimshukuru Mungu, kila mtu akaendelea na kazi yake. Mimi nilikwenda rafuni, nikalishusha lile jalada, nikaisoma barua ya 17 kwa mara ya kwanza kwa moyo. Niliona kwamba tofauti kati ya bweni lile na mengine niliyoyataja ilikuwa ni saa tu: mchana badala ya usiku. Sikuwa na mamlaka ya kutoa fedha, ni kweli. Lakini nilikuwa na miguu ya kulipeleka jalada tena, na kinywa cha kusema. Tangu siku ile nimeamini kwamba moto mwingi huanzia masijala. Cheche yake ni lile neno "isubiri".

Nchi yetu ina Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, iliyolikusanya jukumu ambalo zamani lilikuwa chini ya halmashauri za miji na kuliweka chini ya jeshi moja. Na Zanzibar ina Kikosi chake cha Zimamoto na Uokozi. Namba ya simu ya zimamoto, 114, yafaa ijulikane na kila mtoto kama anavyolijua jina la baba yake. Lakini gari la zimamoto, hata dereva wake awe hodari namna gani, haliwezi kufika kijijini kabla ya makuti kwisha. Dakika za kwanza ni za aliye karibu. Zimamoto wa kwanza wa bweni ni mwanafunzi aliyeamka, na wa kwanza kabisa ni yule aliyezuia moto usianze.

Mafiga matatu

Ili kinga ipatikane, hapana budi moto ujulikane. Chungu husimama juu ya mafiga matatu. Ukiondoa moja, chungu huanguka. Moto nao una mafiga matatu: kitu cha kuungua, joto la kukiwasha, na hewa ya oksijeni. Kila njia ya kuzima moto ni namna ya kuondoa figa moja. Yule mzee wa kijijini kwetu aliyevua makuti aliondoa kitu cha kuungua. Anayemwaga maji huondoa joto. Anayefunika sufuria inayowaka mafuta kwa mfuniko au kwa kitambaa kizito kilicholoweshwa na kukamuliwa huondoa hewa.

Mwenye kuyajua mafiga hayo atajua pia mahali pa kukosea. Maji hayafai kumwagwa juu ya mafuta yanayowaka, maana huyarusha na kuutawanya moto. Wala hayafai kumwagiwa kitu chenye umeme kabla ya kuzima swichi kuu. Aliyeshika moto nguoni asikimbie, maana kukimbia ni kujipepea. Alale chini na kujiviringisha. Aliyeungua apoozwe kwa maji safi ya kawaida kwa muda wa dakika 20, wala asipakwe siagi, asali wala dawa ya meno. Anayetoka katika chumba chenye moshi atambae, kwa kuwa moshi wa moto hupanda juu na hewa nafuu hubaki chini. Na akishatoka asirudi kufuata sanduku.

Mtu asiyeyajua mafiga hayo huangamia akitafuta riziki. Asubuhi ya tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, na watu wakakimbilia kuchota petroli. Moto ulipolipuka uliua zaidi ya watu 100. Miaka kumi kabla yake, Januari 2009, msiba wa namna hiyo hiyo uliua zaidi ya watu 100 huko Sachangwan, Kenya; na Julai 2010 uliwaua zaidi ya watu 200 katika kijiji cha Sange, mashariki mwa Kongo. Petroli iliyomwagika si kama maji yaliyomwagika. Mvuke wake hauonekani, ni mzito kuliko hewa, na husambaa chini chini mpaka mbali na pale palipomwagika. Aliyesimama hapo tayari amesimama ndani ya moto ambao bado haujawaka. Figa la tatu ni cheche moja tu. Umaskini uliwapeleka watu wale pale, na hilo ni jambo la kuhuzunikia, si la kucheka. Lakini elimu ingeliwarudisha nyumbani.

Kazi iliyo mbele yetu

Ndugu mwalimu, utamaduni ni zaidi ya ngoma, vazi na methali. Utamaduni ni jinsi watu wanavyolinda uhai wao kila siku, bila ya kuamriwa. Bibi aliyefukia makaa alikuwa akitenda utamaduni. Mwanafunzi anayezima taa ya mafuta kabla ya usingizi kumpitia, kiranja anayehakikisha kila usiku kwamba milango miwili ya bweni yafunguka kwa ndani, mkuu wa shule anayepiga kengele ya hatari mara moja kila muhula na kuwahesabu watoto wake uwanjani, hao nao watakuwa wakitenda utamaduni, mradi tu wafanye hivyo mpaka iwe mazoea. Kazi hiyo haitaki fedha nyingi. Pipa la mchanga, ndoo za maji zilizojaa, nondo zenye bawaba za kufunguka, ufunguo uliopo mahali panapojulikana: mambo hayo yawezekana hata pale ambapo kasma haijapatikana.

Nawe ndugu mwanafunzi, usingoje barua ya mkuu wako ijibiwe. Leo usiku kabla ya kulala hesabu hatua kutoka kitandani kwako mpaka mlangoni, kisha mpaka mlango wa pili. Kama hakuna mlango wa pili, uliza, na uliza tena. Mimi nilinyamaza mara moja, na Jumamosi ile ndiyo iliyoniokoa na majuto yasiyokwisha. Naufunga usemi wangu kwa ubeti mmoja, kama ilivyo ada ya wenye kutunga:

Kinga ya kuni ni moto, kinga ya pili ni ngao,
Tukumbushane watoto, na wakuu wa vikao,
Yawe wazi na mapito, ya wanetu walalao,
Tuwakinge tuwe nao, kabla ya kuja hatari.